Ndizi ya Shiru na Kura Yangu ya Spring Valley

Mmeniuliza kwa zamu, wengine pale kwa bomba la maji, wengine dukani, na Mama Brayo amebisha mlango kabisa: ilikuwaje siku ya kura nikaondoka Riruta asubuhi kwa miguu, nikarudi jioni ndani ya gari la Daktari, mtoto ana wino shavuni na ndala yangu imekatika? Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, mpitishiane hapa plotini, nyumba hadi nyumba, na asiyetaka kusoma asiniulize tena.

Kwanza mwache kulicheka neno safari. Najua Spring Valley, kwa matajiri, ni hapo tu, kwa gari. Mimi sikuwa na gari. Nilikuwa na Shiru mgongoni, ambaye anaota meno.

Kadi yangu ya kura ni ya huko. Nilijiandikisha nikiwa mfanyakazi wa nyumba kwa Daktari. Huyo si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Kazi yake ni kusafiri kwenda mikutano kueleza jinsi utandawazi unavyowaumiza maskini, na neno hilo, utandawazi, mimi nililijua kwa kupiga pasi mashati ya kwenda kulisema. Uchaguzi uliopita nilikuwa na kadi mkononi lakini Madam, mke wake, alikuwa na wageni, nikashinda nikikaanga samosa. Nilipopata mimba ya Shiru nikaambiwa nipumzike. Mapumziko hayo hayajaisha mpaka leo, na ndiyo maana nauza nguo za watoto, mitumba, hapa kando ya Naivasha Road.

Kwa hivyo nilikuwa sijawahi kupiga kura hata siku moja. Sasa katiba imeletwa, nchi nzima inaulizwa unaikubali ama unaikataa, na jibu langu linahesabiwa moja, la Daktari linahesabiwa moja. Nani amewahi kuniuliza kitu kwa masharti hayo? Hata jina la mtoto niliambiwa tu. Ningetambaa kwa magoti.

Riruta hadi mjini, juu ya sofa

Mtauliza, kama kituo kiko Spring Valley, mjini nilifuata nini. Nilifuata kitambulisho. Jumamosi nilipeleka nguo kwa mteja wangu mmoja, sekretari kwenye jumba la ofisi, na mnajua mlangoni lazima umwachie askari kitambulisho ndipo upande juu. Wakati wa kutoka Shiru alikuwa analia, mvua inaanza, nikakimbia. Nilikumbuka nikiwa nimeshazima taa, siku moja kabla ya kura. Nilijitukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili.

Asubuhi barabara ilikuwa tupu kama Krismasi. Magari yote yalikuwa yamepeleka watu mashambani walikojiandikisha. Nikatembea hadi Dagoretti Corner, na hapo nikaona pikapu imesimama na sofa nyuma. Fundi aliyeitengeneza ndiye alikuwa dereva, kijana ana kipande cha mbao sikioni badala ya penseli.

"Mathe, unaenda tao?"

"Naenda mjini, ndiyo."

"Panda nyuma. Lakini mtoto akikojolea sofa ya wenyewe, umeinunua."

Nikamfunga Shiru nepi mbili, nikapanda. Sofa ya watu watatu, peke yangu, upepo wa Ngong Road unanipiga usoni. Nilijiona mtu wa maana sana. Kitu ambacho sikukifikiria ni rangi ya ile sofa.

Mnakumbuka kura yenyewe ilivyokuwa. Wanaokubali katiba walipewa alama ya ndizi, wanaokataa wakapewa chungwa, ati hata asiyesoma asipotee. Sijui ni nani aliyekaa mahali akadhani nchi nzima itaacha kula matunda kwa ajili yake. Na sofa ilikuwa rangi ya chungwa.

Kituo cha kwanza cha basi watu wakaanza kupiga mbinja. "Chungwa! Mama chungwa! Inua mtoto tumwone!" Mzee mmoja akatukimbiza akitaka kunipa mkono. Kituo kilichofuata walikuwa watu wa ndizi, na hao hawakutaka mkono. Gunzi la mahindi likaruka, likagonga sofa kando ya kichwa cha Shiru.

Fundi akafunga breki, akashuka.

"Nani amerusha?"

"Peleka machungwa yako kwenu," akajibu jamaa mmoja mwenye fulana ya ndizi, bado anatafuna.

"Machungwa gani? Hii ni sofa. Mteja aliagiza hii rangi kabla nyinyi hamjapewa matunda."

"Ungeipaka rangi ingine."

"Sofa haipakwi, inashonwa. Wewe kwenu mnapaka sofa?"

Watu wakacheka, lakini fundi hakutaka kuondoka mpaka doa la gunzi lipanguswe na aliyelitia. Walibishana hapo jua likapanda. Mwishowe nikashuka mimi mwenyewe, nikapangusa na kona ya leso, nikamwambia yule mwenye fulana, "Ungempiga mtoto wangu, leo ungepigia kura Kenyatta hospitali." Tukaenda.

Mjini, mlangoni

Jumba lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ndani kulikuwa na askari, lakini si yule wa Jumamosi. Huyu aliniambia baadaye anaitwa Wafula. Mtu mkubwa, kabuti limembana, anakula viazi vitamu kwenye karatasi.

"Nimekuja kuchukua kitambulisho changu, kiko hapo kwa droo."

"Leo hakuna ofisi."

"Sitaki ofisi. Nataka droo."

Akafikiri. "Hapa huingii bila kuacha kitambulisho."

"Kitambulisho kiko ndani."

"Basi kichukue uje uniachie."

"Nitakichukua vipi bila kuingia?"

"Na utaingia vipi bila kukiacha?"

Nilimtazama nione kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. Hiyo ndiyo sheria aliyopewa na ndiyo inayompa ugali. Nikamwomba afungue droo yeye mwenyewe, akasema droo ni ya mwenzake na ufunguo uko juu ya kabati, yeye mgongo unamuuma hawezi kupanda kiti. Nikasema nitapanda mimi. Akasema kupanda ni kuingia. Shiru akaanza kulia. Uji niliobeba kwenye thamosi ulikuwa umemwagika ndani ya mkoba, umelowesha kila kitu isipokuwa kadi ya kura, ambayo nilikuwa nimeifunga kifuani.

"Kitu kingine chochote cha kuacha unacho?" akaniuliza. Sasa naona yeye pia anatafuta njia.

"Nina huyu."

Tukaangaliana.

"Mlete," akasema.

Nikamwachia Shiru kama kitambulisho. Nikaingia, nikapanda kiti, nikatoa ufunguo, nikafungua droo, nikakuta vitambulisho vya watu wengine kadhaa waliokimbia mvua kama mimi, na changu katikati, sura ile ya Form Four inanitazama kwa kiburi. Kurudi mlangoni, Shiru amenyamaza kimya. Wafula amemkalisha kwenye kabuti anamlisha ndizi iliyoiva, kipande kidogo kidogo, anamwimbia kwa Kibukusu.

"Huyu ni mpiga kura wa ndizi," akasema, akacheka mpaka mgongo ukamkumbusha.

Nikamuuliza kama yeye ameshapiga. Akasema kadi yake iko Bungoma na kampuni imekataa kumpa ruhusa. Analinda jumba ambalo halina mtu.

"Nipigie na yangu basi."

"Yangu ni moja, Mzee."

"Najua. Nimesema tu."

Aliponirudishia mtoto alinipa na ndizi ya pili, ndiyo iliyobaki, ya njiani. Sikukataa. Mjini maduka yalikuwa yamefungwa na Shiru hakuwa na kingine cha kula. Kumbukeni hiyo ndizi ilitoka wapi na kwa nini, maana Spring Valley hakuna aliyetaka kusikia.

Mjini hadi Westlands, kwa miguu

Nilipandisha Museum Hill jua likiwa kichwani. Ndala ikakatika. Nikaifunga na uzi wa mkoba, ikakatika tena, nikaivua.

Westlands pale kwenye maduka ya zamani kulikuwa na mlango mmoja nusu wazi, na mama wa Kihindi, nywele nyeupe zote, amekaa nje kwenye kiti cha plastiki na kidole chake chenye wino amekiweka juu ya goti kama pete. Akaniangalia miguu.

"Wewe mama, kaa. Unaua mtoto kwa jua."

"Nachelewa kupiga kura."

"Kura haina miguu, haikimbii. Kaa."

Akaniletea chai na chevda, ule mchanganyiko wa kukaanga wa Kihindi, kwenye kibakuli, na pini ya kufungia ndala. Jina lake Mama Jyoti. Alizaliwa Ngara, baba yake alizaliwa Ngara, na asubuhi ile kijana mmoja kwenye laini alikuwa amemwambia arudi kwao.

"Nikamwambia, nimerudi, kwetu ni Ngara, hapo chini tu, wewe kwenu ni mbali kuliko mimi. Kijana akaona haya. Akanishikia mkoba."

Halafu akashika sweta ya Shiru. Mnaijua, ile ya bluu yenye maandishi ambayo hakuna mtu Riruta amewahi kuyasoma. Akageuza lebo, akasogeza miwani.

"Hii imetoka mbali."

"Bale ya mitumba ndiyo imetoka mbali. Mimi naokota tu iliyo nzuri."

"Binti yangu yuko Leicester. Kila mwaka anajaza magunia, nguo za watoto wake, anapeleka kanisani kwa watu. Mimi naye naogopa nikimtumia nguo kutoka hapa ataona ni za zamani." Akacheka. "Labda mjukuu wangu alivaa hii. Unajuaje?"

Sijui. Lakini njia nzima ya kwenda Spring Valley nilikuwa naliwaza. Huyo bibi mjukuu wake hajamgusa, na leo ameshika sweta ambayo labda mtoto huyo aliivaa, mgongoni mwa mtu wa Riruta. Hayo ndiyo mambo Daktari alikuwa akiyaendea mikutano kuyapinga. Mimi yananilisha.

Spring Valley, kwenye laini

Kituo kilikuwa shule moja, na laini imetoka getini ikazunguka ua wa maua. Laini ya ajabu. Mama wa Spring Valley na kofia yake ya jua, nyuma yake mpishi wake, nyuma yake mtu wa kumwagilia bustani. Hakuna aliyempisha mwenzake. Nilisimama kwanza nikaitazama tu.

Mama mwenye mtoto hupelekwa mbele, ndiyo kawaida. Polisi mmoja, mwanamke, akaniita nije. Hapo ndipo Shiru alipoanza kulia kwa njaa, na mimi nikatoa ndizi ya Wafula, nikaimenya.

Kelele niliyosikia nyuma yangu, ningedhani nimetoa bunduki.

"Kampeni! Huyo anafanya kampeni ndani ya kituo!"

"Mtoto anakula," nikasema.

"Mbona ndizi? Hakuna viazi?"

Na upande mwingine, jamaa fulani aliyefurahi kupita kiasi akainua ngumi: "Ndizi juu! Hata mtoto anajua!" Huyo ndiye aliyeharibu kabisa. Sasa nusu ya laini inanipigia makofi na nusu inataka nifukuzwe, na mtu mmoja anauliza mtoto anaitwa nani, akisikia Shiru anasema, "Si unaona, Shiru ni Wanjiru, Mkikuyu, lazima awe ndizi." Asubuhi nilikuwa mama chungwa kwa sababu ya sofa. Nikageuka nikawaambia wote: mtoto wangu si bango. Ana njaa. Na jina lake halipigi kura.

Sauti ikatoka katikati ya laini, taratibu, ile ya mtu aliyezoea kipaza sauti.

"Grace, unajua sheria. Hiyo ni alama. Itupe, ama utoke."

Daktari. Shati jeupe, nalijua hata kola yake.

"Daktari, hii ni chakula."

"Leo si chakula. Demokrasia ni utaratibu."

Polisi akasema naye amelazimika, malalamiko yameletwa, niende nje ya geti nimlishe huko, kisha nirudi nyuma ya laini. Nikatazama mwisho wa laini. Nikatazama jua. Jioni wanafunga, na mtu aliye nje ya geti geti likifungwa amekwisha. Nikasema siendi.

"Mama, usinilazimishe."

"Sikulazimishi. Nimesimama tu."

Daktari akatoka kwenye laini akaja karibu, nadhani kunisaidia, maana Daktari si mtu mbaya, ndilo tatizo lake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vitu hivi, kura za matunda, ni maonyesho ya kufurahisha wafadhili. Kwamba watu kama mimi tunatumiwa. Kwamba utandawazi huohuo unaoniletea mitumba ndio ulioua viwanda vya nguo vya nchi hii.

"Baba yangu alikuwa fundi mitambo kiwanda cha Thika," akasema. "Bale za kwanza zilipofika, wakafunga. Alikufa hajapata kazi nyingine. Wewe unazipanga kando ya barabara, unaiita biashara."

Hilo sikulijua. Miaka mitatu nyumbani kwake na sikulijua. Shiru alikuwa anavuta ndizi.

"Pole ya Mzee," nikasema. "Sasa niambie. Siku ya kuamua bale ziingie, walimuuliza?"

"Nani angemuuliza?"

"Basi. Alifanyiwa uamuzi akiwa kiwandani, mimi nikafanyiwa nikiwa jikoni kwako. Kosa si bale. Bale haina mdomo. Mimi nataka dunia iingie, na mlango uwe wazi, Mama Jyoti akae Ngara na binti yake akae Leicester na Shiru avae sweta ya huko. Lakini mlango ukifunguliwa ama ukifungwa, niulizwe. Baba yako angeulizwa. Sasa leo nimeulizwa, na wewe unaniambia nitoke nje."

"Sijasema usipige. Nimesema ndizi."

"Ndizi ndiyo hii."

Nikageuza Shiru mbele, nikamwekea kipande cha mwisho mdomoni, kingine nikakimeza mimi. Likabaki ganda, na watu wanalitazama ganda. Nikapiga magoti hapohapo kwenye nyasi za Spring Valley, nikamvua mtoto nepi zote mbili, ambazo kwa bahati zilikuwa zimejaa, nikaweka ganda katikati, nikakunja, nikafunga na pini ya Mama Jyoti. Nikampelekea polisi mkononi.

"Alama ya kampeni hiyo. Mfungulie yeyote anayetaka kuhakikisha."

Akaishika kwa ncha za vidole. Kwanza akakaza uso, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Mpishi mmoja kwenye laini akacheka, na yule mama wa kofia naye akacheka, na wa chungwa na wa ndizi wakawa wanacheka kitu kimoja kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mama, ingia," polisi akasema. "Ingia kabla hajakojoa tena."

Ndani kulikuwa kimya. Wakaangalia kitambulisho, wakaniangalia mimi. Wakanipa karatasi. Nilisimama kwenye kile kijisanduku cha kadibodi na Shiru begani, na hakuna mtu duniani, si Madam, si Daktari, si baba Shiru popote alipo, aliyekuwa anaona mkono wangu. Nilikaa humo hata karani akakohoa. Nilipotiwa wino kidoleni Shiru alikivuta kwenye shavu lake, ndiyo hiyo alama mnayouliza.

Kurudi

Daktari alinikuta kando ya barabara naifunga ndala na kipande cha leso. Akasimamisha gari, akafungua mlango wa mbele. Miaka mitatu nilikuwa nikikaa nyuma. Nikakaa mbele.

Tukapita Kangemi. Shiru alikuwa amelala bila nepi kwenye kiti cha ngozi, nami sikumwambia. Halafu Daktari akakohoa.

"Grace. Baada ya hayo yote. Ulipiga ndizi ama chungwa?"

Ni swali lilelile lenu. Mama Brayo, ni swali lako hilo. Fundi wa sofa angeliuliza, na Wafula ndiye pekee ambaye ningemjibu, kwa sababu yake alinyimwa.

"Daktari," nikamwambia, "nimefua nguo zako za ndani miaka mitatu. Umewahi kusikia nimemwambia mtu rangi yake?"

Aliendesha gari hadi Riruta. Akanishusha hapa getini, nyote mkiwa mmetoka kutazama, akasema kwaheri, akanipa mkono.

Sasa mmesoma. Maji ya bomba yakija kesho, tuzungumze maji.